Saa Sita ya Nani?

Aarhus, 14 Aprili 1987

Kaka Oiva,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Aksel goti limemtesa majira yote ya baridi, lakini baiskeli haachi na haambiliki. Binti yangu Merete alijifungua mwezi wa pili, mtoto wa kike, na amempa jina la mama yetu, Hilja. Nilidhani ungependa kujua, hata kama hutasema.

Barua ya mtu mwenye adabu huanza na "asante kwa mara ya mwisho tulipoonana." Mama alitufundisha hivyo, na huku Denmark wanasema hivyo hivyo, Uswidi hivyo hivyo. Mimi siandiki. Mara ya mwisho tulipoonana sina cha kukushukuru, na sasa inakwenda miaka tisa.

Usijifanye umesahau. Ulinipigia simu ukasema, "Anazikwa Jumamosi saa sita," kisha ukakata. Saa sita ya nani, Oiva? Katika nyumba tuliyokulia, ukuta wa jikoni ulikuwa na saa mbili. Moja ya baba, mtu wa Tornio, upande wa Ufini. Nyingine ya mama, aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto, Uswidi, ambako saa ziko nyuma kwa saa nzima. Kwetu hakuna aliyewahi kusema "saa sita" akaishia hapo. Ilikuwa saa sita ya baba au saa sita ya mama, la sivyo mtu anakosa chakula. Basi mimi nikajiambia, anayezikwa ni mama, hiyo ni saa ya mama. Nikafika, nikakuta kaburi limeshafukiwa.

Nawe mbele ya mchungaji, mbele ya majirani wote wenye vikombe vya kahawa mkononi, ukasema kwa sauti: "Irja hata kumzika mama amechelewa." Ulinivua nguo mbele za watu. Nikaingia jikoni kulia, nikakuta saa ya mama umeisimamisha, kana kwamba na yenyewe imekukosea. Nikaondoka bila kuaga.

Sasa nikwambie kwa nini naandika. Tuko wanawake wanne wa kikundi cha kuogelea baharini wakati wa baridi, mimi, Bodil, Tove na Gudrun. Kila asubuhi tunaingia majini pale bandarini, barafu ipo au haipo. Mwaka huu tumeamua kutembea kwa gari la Bodil, ile Volkswagen kubwa ya kulala ndani. Tutapita Uswidi, tutapanda meli mpaka Turku, tutaikwea Ufini yote mpaka juu, tuvuke mto hapo kwenu, kisha Norwe na kurudi nyumbani. Njia ndiyo inapita hapo, si mimi niliyeichagua.

Alhamisi tarehe 18 Juni tutakuwa kwenye daraja la mpakani. Ukitaka, uwepo saa sita mchana. Usipotaka, sawa tu. Sisi tunapita.

Dada yako,
Irja


Tornio, 23 Mei 1987

Irja,

Barua nimeipata. Barafu ya mtoni ilikatika tarehe tisa, ikachukua gati la jirani. Mimi mzima. Paka alikufa. Hilja ni jina zuri, mpe Merete hongera.

Mambo ya mazishi siyajibu. Kanisa lina saa moja tu na liko Ufini.

Darajani nitakuwepo, saa sita. Nitaleta samaki wa moshi, wale weupe wa kwenye maporomoko ya Kukkola, na jibini ya kutia kwenye kahawa. Hao wenzako wanakula samaki? Waambie wasinisemeshe sana.

Mwandiko umekuwa mbaya kwa sababu ya kalamu.

Oiva


Narvik, 21 Juni 1987

Oiva,

Salamu sina. Habari za nyumbani utazipata kwa mtu mwingine, kama yupo anayekuandikia.

Nimekaa siku tatu kabla ya kushika kalamu, maana ningeandika siku ileile karatasi ingeungua. Umeniona mimi bwege, siyo? Kama hukutaka kuja, kwa nini uliandika "nitakuwepo"? Neno moja tu, "sitaki", lingekushinda nini? Mimi nimelala siku kumi kwenye gari lenye kunuka taulo mbichi, nikimsikiliza Gudrun anavyokoroma kuanzia Gothenburg mpaka Oulu, ili nifike nisimame kwenye mvua kama mtu aliyeibiwa!

Sikiliza nilivyofanya, ujue umefanya nini. Tulifika saa sita kasorobo. Nilikuwa nimevaa gauni la bluu. Bodil alifungua ile meza yetu ya kukunja kando ya daraja, akapanga vikombe vitano. Vitano, Oiva. Tove akatandika kitambaa na kukishika kwa mawe, upepo usikichukue. Watu wazima wanapita na baiskeli wanatuangalia. Kila aliyetokea amevaa kofia nikasema ndiye huyo. Nilimpungia mkono hata afisa wa forodha, naye akanipungia, maskini.

Saa sita na nusu mvua ikaanza. Gudrun akauliza, "Ana sura gani huyo kaka yako?" Nikasema mrefu, mabega ya baba. Akasema, "Labda amefupika." Wakacheka, nami nikacheka kwa meno. Saa saba kasoro dakika kumi tukakunja meza, maana safari ni safari na subira ina mwisho wake. Tove akanipa peremende ya chumvi. Niliitafuna kama nakutafuna wewe.

Tulivuka, tukasimama kituo cha mafuta ng'ambo, upande wa Uswidi. Bodil alikuwa akijisemesha na saa yake ya mkononi, mimi sikumsikiliza. Wananionea huruma, kwa heshima, wakinipa kiti cha mbele. Afadhali wangenicheka.

Jana tumeogelea hapa Narvik. Maji yana baridi inayouma mifupa, na nilikuwa wa mwisho kutoka. Nilikuwa nawaka.

Mtu mzima ovyo wewe! Miaka tisa nimebeba neno lako, nikajikaza, nikaja mwenyewe na miguu yangu, nawe ukanionyesha kwamba bado hujatosheka. Basi umeshinda. Kaa na samaki wako.

Irja


Tornio, 15 Julai 1987

Irja,

Nimepata karatasi zako tatu za matusi. Nyumba inahitaji rangi. Mbu ni wengi mwaka huu.

Mimi si mtu wa maneno, lakini leo utanisoma mpaka mwisho. Nilikuwa darajani saa sita kamili. Nilisimama mpaka saa nane. Nilivaa suti ya mazishi kwa sababu sina nyingine, na kwenye mvua inanuka nondo. Nilikuwa na samaki kumi kwenye kikapu, wamefungwa kwa gazeti, na jibini imefunikwa kitambaa cha mama. Forodha walinijia mara mbili. Mara ya kwanza wakauliza nasafirisha nini. Mara ya pili wakauliza, kwa upole, kama nimepotea. Mimi, Oiva, niliyezaliwa mita mia nne kutoka hapo! Niliwaambia namngoja dada yangu. Wakatazamana.

Saa nane nikarudi nyumbani. Wale samaki nimewala peke yangu, mchana na jioni, siku sita. Nimewala kwa hasira na sasa hata harufu yao siitaki.

Halafu unaniandikia vikombe vitano na kitambaa na mawe juu yake! Nani alikuomba utunge hadithi? Ama ulichelewa tena, kama kawaida yako, au ulipita na gari ukaniona nimesimama, ukasema, acha huyo mzee alowe. Sijui lipi ni baya zaidi. Kama ulipita ukaniona, uniambie. Hilo nataka kulijua kweli. Uniambie kama ulinipungia mkono.

Na usiwalete tena hao wenzako kushuhudia mambo ya nyumbani kwetu.

Oiva


Aarhus, 2 Agosti 1987

Oiva,

Aksel anakusalimu, yeye bado ana moyo huo.

Mwongo! Nina mashahidi watatu, wanawake wenye akili timamu, mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini. Saa sita kasorobo mpaka saa saba kasoro kumi, hapakuwa na suti, hapakuwa na kikapu, hapakuwa na wewe. Mimi kukuona nikapita? Unanijua hivyo? Hilo la kupunga mkono sijui umelitoa wapi, na sitalijibu, ni la kitoto.

Tena barua yako mistari inapanda na kushuka, maneno mengine yamekaliana juu. Kama unaandika umelewa, heri usiandike kabisa. Baba angeona aibu.

Irja


Aarhus, 4 Oktoba 1987

Kaka Oiva,

Wiki tisa hujanijibu. Nimehesabu. Hilja mdogo ameota meno mawili, na goti la Aksel litapasuliwa mwezi wa kwanza. Tumeanza tena kuingia majini na wenzangu.

Ndiko lilikotokea ninalotaka kukwambia. Juzi asubuhi tulikuwa kwenye kile kibanda cha joto pale bandarini, tumetoka majini, nami nikaanza tena kulalamika juu yako. Wamezoea. Nikatoa barua yako ya Julai kwenye mkoba nikawatafsiria, ili waone uongo ulivyo. Nilipofika kwenye "saa sita kamili mpaka saa nane", Bodil akanikatiza.

"Saa sita ya wapi?"

"Unauliza ya wapi? Ya mchana!"

"Shoga, nakuuliza ya nchi gani. Pale kituo cha mafuta si nilirudisha saa yangu nyuma, nikasema jamani tumepata saa ya bure? Wewe ulikuwa umenuna, hukusikia. Kama kaka yako alishika saa ya Uswidi, saa sita yake ilikuwa saba yetu, basi sisi tulikunja meza yeye akiwa bado njiani. Dakika kumi, Irja. Tumempita dakika kumi."

Nikamwambia haiwezekani. Oiva hawezi kushika saa ya Uswidi. Oiva ni kanisa la Ufini, ni baba mtupu. Bodil akanitazama. Huyu ndiye yule mwalimu mkuu niliyekuandikia. Akanitolea uvivu.

"Na wewe uliyelia miaka tisa kwamba ilikuwa saa ya mama yako, siku hiyo ulishika ipi?"

Hewa ya humo ndani ina moto, lakini masikio yangu yalikuwa na moto wake.

Oiva, nilishika ya baba. Nilijua vizuri sana kwamba kuna saa mbili, nani atajua kama si mimi? Nilishika ya baba kwa makusudi, kwa ajili yako. Nilisema safari hii sitampa nafasi ya kusema nimechelewa. Ningeweza kukuandikia maneno mawili tu, "ya baba", yakatosha. Sikuyaandika, kwa sababu kuyaandika kulikuwa sawa na kukiri kwamba siku ya mazishi mwenye kosa nilikuwa mimi. Na mimi bado nasema uliyekosa ni wewe. Ulipaswa kusema ni saa ya nani!

Nimeshaanza, basi nimalize. Nilikuandikia kwamba tuliondoka kwa sababu safari ni safari. Si kweli. Bodil alisema, "Mpe mpaka saa nane, hatuna haraka." Tove alishaanza kumenya mayai. Mimi ndiye niliyekunja meza. Nilikunja na kitambaa chenye mawe ndani. Nilisema, "Kaka yangu hachelewi, asiyekuja amekataa kuja. Twendeni." Ningeketi dakika kumi tu.

La mwisho. Nilikwambia njia ndiyo inapita hapo. Uongo mwingine. Wenzangu walitaka kwenda moja kwa moja Norwe, wavuke na meli, waogelee kule kwenye maji yaliyobanwa na milima, warudi baada ya siku nane. Mimi ndiye niliyechora ramani upya. Niliwasifia Turku, nikawasifia mbu wa Oulu, nikawazungusha bahari nzima kwa siku ishirini na mbili. Wamejua tangu mwanzo, Bodil ameniambia. Walijua na wakaja. Nchi nne, Oiva, kwa ajili ya daraja moja.

Sasa nijibu, wala usinizungushe. Ulishika saa ya nani?

Irja


Tornio, 26 Oktoba 1987

Mdogo wangu Irja,

Viazi vimetoka vizuri. Theluji ya kwanza ilianguka jana. Pole kwa goti la Aksel.

Ya mama.

Nilitia ufunguo saa yake tarehe 17 Juni, mara ya kwanza tangu azikwe. Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la sukari. Ilikataa mara mbili, kisha ikatembea. Niliisimamisha mwaka ule kwa sababu kila ilipogonga nilisikia anaita watu mezani, si kwa sababu ya kukukomoa. Hukuuliza.

Nilijiambia, Irja akija nitamwambia, "Leo nimekuja kwa saa yako." Sentensi hiyo nimeifanyia mazoezi asubuhi nzima mbele ya samaki. Ndiyo ilikuwa radhi yangu. Sina nyingine ndefu zaidi. Ukaikunja na meza.

Umekosa na mimi nimekosa, lakini kuniita mlevi, hilo lilinichoma, ndiyo maana sikujibu. Sijanywa tangu Krismasi. Ni macho. Jicho la kushoto lilizimika Februari. La kulia linafuata, daktari wa Oulu anasema Krismasi halifiki. Kalamu ni nzima.

Sasa utaelewa kwa nini nilikuuliza kuhusu kupunga mkono. Darajani magari yalikuwa madoa tu yanayopita. Nilidhani umepita mbele yangu, ukanipungia, nami sikukuona. Na wewe ukasema kaka anajifanya hanijui. Nimelala na hilo miezi minne.

Njoo tuonane, Irja. Neno hilo watu hulisema hovyo, mimi nalisema kama lilivyo. Njoo nikuone. Jumamosi tarehe 28 Novemba, darajani, saa sita ya mama. Narudia, ya mama, ambayo ni saa saba ya baba. Mwezi huo mchana wetu una mwanga wa saa nne tu, na saa hiyo bado upo. Wenzako waje kiangazi. Safari hii uje peke yako.

Na usijibu barua hii kwa karatasi tatu, nasoma kwa kioo cha kukuza na inachukua siku nzima.

Oiva


Aarhus, 6 Desemba 1987

Kaka Oiva,

Asante kwa mara ya mwisho tulipoonana.

Nimefika salama. Aksel hajambo. Naandika herufi kubwa kama ulivyoagiza, kwa hiyo hutapata maneno mengi, ila yale ya darajani nataka yawe kwenye karatasi, kabla hujaanza kuyageuza.

Tulikubaliana saa sita ya mama. Mimi nikafika saa nzima kabla, saa sita ya baba, kwa sababu siamini mtu. Nikakukuta umeshasimama, na kofia ya baba, na theluji mabegani.

"Umewahi," ukasema.

"Na wewe je?"

"Mimi nakaa hapa."

"Mimi nimetoka Denmark. Sikutaka kusikia maneno ya mtu."

"Nani angesema?"

Nani angesema! Nilitaka kukupiga na mkoba. Badala yake ukasema, "Sogea huku kwenye mwanga," ukanishika kidevu kama ng'ombe wa mnadani, ukanigeuza upande huu, ukanigeuza upande ule. Watu wanapita.

"Umezeeka, Irja."

"Asante sana."

"Umekuwa mama mtupu."

Ndipo nikalia, na nilikuwa na hasira wakati nalia, na bado ninayo. Nina hasira kwamba ulinificha tangu Februari. Kama ungeandika neno moja mwezi wa tano, ningekaa kwenye lile daraja mpaka usiku, ningelala pale! Ukaniandikia habari ya kalamu.

Nilikwambia usinitazame hivyo, utayamaliza macho. Ukasema, "Nimeyaweka kwa kazi hiyo." Ukaendelea kunitazama mpaka kengele ya Haparanda, ng'ambo ya mto, ikagonga saa sita ya mama, ndipo ukasema sasa twende tukanywe kahawa. Ile jibini yako ilikuwa ngumu. Nilikula yote.

Juni tunakuja wanne. Bodil anasema ataleta saa mbili, moja kila mkono.

Dada yako,
Irja


Tornio, 20 Februari 1988

Mdogo wangu Irja,

Asante kwa mara ya mwisho tulipoonana. Naandika na rula chini ya mstari, usicheke. Barafu ina unene wa kuendeshea gari. Nimepata paka mwingine, wanasema ni wa kijivu.

Daktari alikosea wiki tatu tu. Jicho la kulia lilivuka mwaka mpya, kisha basi. Usije mbio, hakuna cha kukimbilia, nilichotaka kukiona nilikiona. Wenzako nitawasikia Juni. Huyo anayekoroma alale garini.

Saa zote mbili zinatembea. Siku za Jumamosi jirani ananitilia ufunguo. Siwezi tena kuzitazama, nazisikiliza. Mchana ya baba inagonga saa sita, mara kumi na mbili, wala siinuki kitini. Najiambia, bado ya mama, Irja hajachelewa.

Kaka yako,
Oiva